Mke Aliyevuta Pazia

Wakili mzee ana kioo chake cha jicho moja, na ana mchezo wake. Mgeni akiketi mbele yake, hukielekeza kile kioo kwenye mwanga wa dirishani, na mwanga ule humrudia mgeni machoni huku akijieleza. Kwa imani ya mzee, msema kweli ataendelea kusema hata akikunja uso, na mwongo ataanza kubabaika. Siku hiyo mchezo umeshampima mshtakiwa, kijana Leonard Vole, na kijana amefaulu. Sasa ni zamu ya mkewe. Mwanga unampata usoni. Hakunji uso, habishi, haulizi. Anainuka, anakwenda dirishani, anavuta pazia, anarudi na kuendelea na mazungumzo.

Hapa Kolwezi filamu hii tunaijua kwa jina lake la Kifaransa, Témoin à charge. Kwa Kiingereza ni Witness for the Prosecution, kazi ya mwongozaji Billy Wilder ya mwaka 1957, iliyotokana na tamthilia ya Agatha Christie. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara nasimama kwenye lile pazia. Mwanamke yule anajua anapimwa, na anaamua mwenyewe mwanga kiasi gani umfikie. Filamu yote imo katika mkono ule unaovuta kitambaa.

Mwishoni mwa filamu watazamaji wanaombwa wasiwasimulie wengine jinsi inavyokwisha. Ombi hilo nitalivunja, na wasioiona naomba waniwie radhi. Saa haisifiwi ikiwa imefungwa. Fundi huifungua akaonyesha magurudumu.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Mjane tajiri wa London, Emily French, ameuawa nyumbani kwake. Ameacha wosia, na paundi 80,000 zinamwendea Leonard, kijana mcheshi asiye na kazi ambaye alikuwa akimtembelea. Leonard anasema saa ya mauaji alikuwa nyumbani na mkewe Christine, mwanamke wa Kijerumani aliyemkuta Hamburg baada ya vita. Wakili Sir Wilfrid Robarts, aliyetoka hospitalini juzi tu na moyo wake mbovu, anaichukua kesi. Shahidi pekee wa kumwokoa kijana ni mke. Lakini kesi inapofika mahakamani, mke yule anaitwa na upande wa pili. Anapanda kizimbani kumshuhudia mumewe kwamba alirudi usiku akiwa na damu kwenye mikono ya koti, na kwamba alikiri kuua.

Kiswahili kina neno linalofaa hapa kuliko la Kifaransa au la Kiingereza. Shahidi ni mtu aliyeona na kusema. Shahidi pia ni mtu aliyekufa kwa ajili ya alichokiamini, kama tunavyowaita Mashahidi wa Uganda. Lugha yetu imeviweka vitu viwili ndani ya neno moja, na mtu asiyejua muktadha hawezi kusema ni kipi kinachotajwa. Christine ameundwa hivyo hivyo. Unamwona akiongea kizimbani, na kwa saa nzima unadhani ni shahidi kwa maana ya kwanza, kumbe ni kwa maana ya pili.

Tutazame jinsi fundi alivyoanza. Kabla Christine hajaingia, Sir Wilfrid anawatayarisha wenzake kumpokea mke atakayelia na kuzimia, na anaagiza dawa ya kunusisha iwe karibu. Mlango unafunguka, na anayeingia ni Marlene Dietrich, kanyooka kama nguzo, sauti baridi, jibu tayari mdomoni. Hatoi chozi hata moja. Kwa hila hiyo ndogo tumeshakuwa upande wa wakili. Tulikuja kumhurumia mke, na mke hakutupa nafasi. Mtu akikunyima nafasi ya kumhurumia, unaanza kumtilia shaka. Wilder hakutuambia tumchukie Christine. Ametukosesha machozi tuliyokuwa tumeyaandaa, basi.

Kisha wakili anaeleza jambo ambalo kila mzee wa baraza analijua: neno la mke anayempenda mumewe halina uzito mkubwa mbele ya watu wanaoamua. Uingereza walioamua hatia walikuwa raia 12, watu wa kawaida wasiosomea sheria. Hapa Kongo hatuna baraza hilo. Mahakimu ndio wanaokata. Lakini mzani wa moyoni ni uleule. Mke akisema "mume wangu alikuwa nyumbani", kila anayesikia hujibu kimya kimya: "Ungesema nini kingine, mama?" Christine analisikia neno hilo la wakili, na halijibu. Wakati ule linatupita kama kauli ya kawaida ya mtu wa sheria. Baadaye tutagundua kwamba pale ndipo alipopewa chuma cha kufulia ufunguo.

Ufundi wa tatu umo katika jina. Kwa sheria ya Uingereza ya siku zile, upande wa mashtaka haukuweza kumleta mke kumshuhudia mumewe katika kesi ya namna hii. Mwandishi amelizungukaje hilo? Christine aliwahi kuolewa kwao Ujerumani na mwanamume mwingine ambaye bado yu hai, kwa hiyo ndoa yake na Leonard ni batili, na sheria haimtambui kama mke. Ndipo mahakama inapoliita jina: Christine Helm. Si Vole. Bibi aliyekuwa mke asubuhi anaingia kizimbani akiwa mtu baki. Kwa kuitwa tu, bila kelele, cheo kimevuliwa. Na ukikumbuka kwamba katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, yaani kitendo si chake, hutendewa, basi utaona uzito wa mwanamke huyu kuugeuza udhaifu wa ndoa yake kuwa silaha. Aliolewa, ndiyo. Lakini kutooleka ametenda mwenyewe.

Sasa niseme kwa nini kisa cha London kinatuingia sisi wa Kolwezi kwa namna yake. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière kwa ajili ya shaba. Kampuni ile tangu mwisho wa miaka ya 1920 ilikuwa imegundua kwamba mfanyakazi mwenye mke haondoki ovyo. Ikawataka wake waje kambini, na posho ikahesabiwa kwa mume, kwa mke na kwa watoto. Unga wa nyumba ulipitia ndani ya ndoa. Na mwaka 1953, huko Ruwe, jirani na mji, Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, akaanzisha pamoja na wachimbaji na wake zao kile kilichoitwa Jamaa. Mafundisho yao yalijengwa juu ya mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, wakaitana baba na mama, wakafunzwa kwamba umoja wao ni njia ya kumjua Mungu.

Basi katika kambi zilezile mke alipokea unga kwa sababu ni mke, na alifunzwa mapendo kwa sababu ni mke. Nani angeweza kukaa mlangoni akatenganisha, huu ni upendo, ule ni ugali? Vilipikwa katika chungu kimoja. Na Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, ilipodhoofika, hadi ikawaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa miaka ya 2003 na 2004, ni wanawake wengi walioingia sokoni na mashambani nyumba zisilale njaa. Posho ilikuwa imekwisha. Chungu kilibaki.

Mtazamaji aliyelelewa na historia hiyo anapoona jinsi Leonard na Christine walivyokutana Hamburg, haimshangazi. Mji umebomolewa na vita. Mwanamke anaishi katika chumba cha kifusi. Mwanajeshi wa Kiingereza ana kahawa, na kahawa ile ina bei yake. Wanapatana, wanacheka, dari linaanguka. Wilder anakionyesha kitendo hicho kwa wepesi, karibu mzaha, lakini anaweka msingi wa yote yajayo: upendo huu ulianza na kitu cha kutia tumboni. Je, Christine aliolewa kwa kupenda, au kwa kutaka kutoka kwenye kifusi? Mwendesha mashtaka atalitaka jibu moja. Mwandishi halitoi, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Hatoi kwa sababu jibu moja lingekuwa uongo.

Aliyechaguliwa kuibeba sehemu hii naye alikuwa ameonja swali hilo. Dietrich alizaliwa Berlin mwaka 1901, akachukua uraia wa Marekani mwaka 1939, akaenda kuwaimbia askari waliokuwa wakipigana na nchi yake. Aliporudi kuimba Ujerumani mwaka 1960, wako waliompokea kwa mabango ya kumwita msaliti. Mwanamke mgeni, mwenye lafudhi, ambaye uaminifu wake hauishi kuulizwa: hakulazimika kwenda mbali kumtafuta Christine.

Turudi kwenye magurudumu. Kesi inaelekea kumwangamiza Leonard. Usiku, mwanamke wa mitaani mwenye maneno machafu na lafudhi ya watu wa chini wa London anampigia simu wakili: ana barua za kuuza. Wanakutana kituo cha treni cha Euston. Barua zimeandikwa na Christine kwa mwanamume aitwaye Max, na ndani yake anasema atatoa ushahidi wa uongo ili amwondoe Leonard njiani. Sir Wilfrid ananunua, akiwa na furaha ya mvuvi aliyehisi uzi umekaza.

Mahakamani anatega. Anasoma kutoka karatasi nyeupe aliyoishika, na Christine, akidhani anashtakiwa kwa karatasi isiyo yake, anamrukia: barua zake yeye huziandika kwenye karatasi ndogo za buluu. Wakili anainua karatasi ya buluu. Amenaswa kwa ulimi wake mwenyewe! Ukumbi unazizima. Christine anapiga kelele, anatukanwa, anaonekana mwongo mbele ya wote, na kila neno alilosema dhidi ya Leonard linageuka vumbi. Leonard anaachiwa huru.

Halafu, ukumbi ukiwa mtupu, anamwendea wakili na kuzungumza naye kwa lafudhi ya yule mwanamke wa Euston.

Barua alizitunga yeye. Max hayupo. Alijua kwamba akimtetea mumewe kama mke mpenzi hataaminiwa, basi akaamua asiaminiwe kwa upande mwingine. Aliwapa watu wale mke waliyekuwa tayari kumwona: mgeni, baridi, msaliti. Kisha akawapa raha ya kumfichua. Mtu hukitilia shaka kitu alichopewa mkononi, lakini alichokichimba mwenyewe hukishika kama almasi. Wachimbaji wetu wanalijua hilo: jiwe la kununua hulipima mara kumi, jiwe la shimo lako hulibusu kabla ya kulipima. Christine hakumdanganya Sir Wilfrid. Alimzikia jiwe, akamwachia sururu.

Na bado kuna gurudumu la ndani zaidi. Wakili, akiwa ameduwaa, anamwambia kwamba wangeweza kumwokoa kijana asiye na hatia kwa njia nyingine. Christine anamsahihisha. Alijua kwamba Leonard ameua. Damu ilikuwa kweli. Saa ilikuwa kweli. Kizimbani, mbele ya hakimu, mwanamke yule aliyeapa na kuonekana mwongo alikuwa akisema kweli tupu, na kweli ile ndiyo aliyoipanga isiaminiwe. Sijui hila ya mahakamani iliyosukwa vizuri zaidi ya hiyo. Watunzi wengine huficha ukweli nyuma ya uongo. Christie ameuweka ukweli mezani saa sita mchana, akamvika shahidi wake nguo ya mwongo.

Ndiyo maana nawashauri watu waitazame mara mbili. Mara ya pili usimfuate wakili, mfuate Christine. Utaona kwamba kila tendo lake linasomeka pande zote. Ule ubaridi wa siku ya kwanza ni wa mke asiyejali, na pia ni wa mke anayeshika jambo zito kwa mikono miwili, asiyeweza kuachia mkono mmoja ufute chozi. Ghadhabu yake karatasi ya buluu ikiinuliwa ni ya mtu aliyenaswa, na pia ni ya mchezaji anayepiga pigo lake la mwisho. Dietrich hakucheza hisia mbili kwa zamu. Alicheza moja tu, na mwandishi akaiweka mahali ambapo ina maana mbili.

Katanga tumekuwa na namna nyingine ya kulifikia jambo hilo. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi liliigiza kwa Kiswahili chetu bila maneno yaliyoandikwa. Waigizaji hukubaliana mpangilio wa kisa, kisha kila mmoja huyatafuta maneno yake akiwa tayari jukwaani. Mwaka 1986 walitengeneza kwa njia hiyo mchezo juu ya methali isemayo kwamba madaraka huliwa yakiwa mazima, na mtafiti Johannes Fabian akauandikia kitabu kizima. Pale uhai wa mke umo katika ulimi: anajibu papo hapo, watu wanacheka kwa sababu wamemsikia jirani yao. Kwa Christie ulimi umefungwa kwenye mtambo. Neno moja likihama, saa inasimama. Navipenda vyote viwili. Lakini sehemu ya Christine isingetungwa jukwaani kwa kubuni. Inamtaka mtunzi aliyekaa nayo muda mrefu.

Na kweli alikaa nayo. Kisa hiki Christie alikichapisha mara ya kwanza mwaka 1925, hadithi fupi inayokwisha pale mke anapokiri kwamba alijua. Mlango unafungwa, upendo umeshinda, sheria imeshindwa. Miaka 28 ikapita. Alipokipeleka jukwaani London mwaka 1953, alikifungua tena na kuongeza mwisho mpya. Filamu imeufuata mwisho huo: Leonard, akiwa huru, anamkumbatia msichana mwingine. Anamwambia Christine, kwa utulivu wa mtu anayekokotoa deni, kwamba yeye alimtoa Hamburg na Christine amemtoa gerezani, basi wamelipana. Kisu kilichokuwa kielelezo cha kesi bado kipo mezani. Christine anakichukua.

Wapo wanaosema mwisho huo umeongezwa ili haki itendeke. Mimi nauona umeongezwa ili hesabu ikamilike. Katika hadithi ya 1925, mke angeweza kusomwa kama mtakatifu: ametoa jina lake na uhuru wake, hajaomba kitu. Mwandishi alipozeeka hakumwamini tena mtakatifu huyo. Mwanamke aliyejitoa kiasi hicho alikuwa na alichokitaka, naye ni mwanamume mwenyewe, arudi nyumbani, awe wake. Leonard alipouita upendo ule deni lililolipwa, aligusa upande mmoja wa chungu na kuusahau wa pili. "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe," walisema wazee. Christine alikula naye, akawa tayari kufa kwa ajili yake, na Leonard hakuwa hata tayari kula naye tena.

Swali la upendo au maslahi halijaachwa London. Linaulizwa katika mahakama zetu kila mjane anaposimama. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi. Robo inayobaki hugawanywa kwa makundi matatu, na mjane ni mmojawapo, pamoja na wazazi wa marehemu na ndugu zake. Ukiacha kile ambacho tayari ni chake katika mali ya ndoa, hiyo ni sehemu moja ya kumi na mbili. Na hadi marekebisho ya mwaka 2016, sheria hiyohiyo ilimtaka mke ambaye mumewe yu hai apate idhini yake kabla ya kwenda mahakamani katika mambo ya madai. Mwanamke anasimama na vazi la msiba, anataja nyumba, na upande wa pili wa ukumbi wanaanza kunong'ona: analia marehemu au analia mabati? Wangemtazama Christine vizuri wasingeuliza hivyo. Analia marehemu chini ya mabati waliyoyapaua pamoja.

Nimebakiza mtu mmoja. Tangu mwanzo hadi mwisho wa filamu, Sir Wilfrid anasumbuliwa na muuguzi wake, Bibi Plimsoll, anayemnyang'anya sigara, kumhesabia vidonge na kumkataza pombe. Anayemwigiza ni Elsa Lanchester, na anayemwigiza wakili ni Charles Laughton, mumewe wa kweli tangu mwaka 1929. Mzee anajiona mjanja: mahakamani ana chupa yake ya kakao, na ndani ya chupa si kakao, ni brandi. Tunacheka pamoja naye dhidi ya yule mama msumbufu. Tunadhani ni kichekesho cha kupumzishia akili kati ya kesi nzito.

Kisha Leonard ameanguka kwa kisu cha Christine, askari wamemshika mwanamke huyo, na mzee aliyepaswa kwenda kupumzika Bermuda anaamua kwamba atabaki kumtetea mwanamke huyu. Bibi Plimsoll hapingi. Anamwita nyuma, mzee amesahau kitu. Anampa ile chupa, na anakitaja kwa jina lake: brandi.

Alijua tangu siku ya kwanza. Wakili aliyesoma macho ya watu kwa kioo chake maisha yake yote ameshindwa kusoma wanawake wawili waliokuwa mbele yake.